Kidonge na Dripu za Juilan

Chung Juilan hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja, na ndiyo maana kikohozi chake hakikumtia mtu wasiwasi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, akipika tambi pana za mchele kwenye kibanda chake katika mji mdogo wa Meinong, na msimu wa figili ulipoingia bado alikuwa akiwatangulia wanawake wenzake shambani. Kwa kikohozi aliulaumu mvuke wa masufuria. Baadaye kiuno kikaanza kumuuma. Kisha asubuhi moja pikipiki ikamponyoka kwenye kona anayoijua tangu utoto, akaanguka mtaroni.

Mumewe, Wensheng, alimpeleka hospitali mjini Kaohsiung kupigwa picha ya bega. Bega lilikuwa zima, ila pafu la kushoto lilikuwa limejaa maji. Wakamlaza, wakayatoa, wakachukua na kipande kidogo cha nyama ya pafu cha kupima. Halafu daktari wa wodi akamwita Wensheng na binti yao Peichun pembeni: ni saratani ya mapafu, na imeshafika kwenye mifupa na ubongo. Baba na binti wakamsihi asimwambie mgonjwa kwanza. Wao wakamwambia ni nimonia.

Juilan akaipokea nimonia yake bila kuuliza. Lakini aliporudi nyumbani kusubiri majibu ya kipimo cha mwisho, mambo yakaanza kumshangaza. Jirani waliyenuniana naye miaka kwa ajili ya mfereji wa maji alimletea supu ya kuku. Sigara za Wensheng zilihamia uani, kisha zikatoweka kabisa. Jioni moja akamkuta jikoni, mikono imezama kwenye povu.

"We mzee," Juilan akasema, "hii nimonia gani ya kukufanya wewe uoshe vyombo?"

Wensheng hakugeuka. Alisuuza sahani ileile mara mbili, kisha akaiweka chini.

"Ni mimi," akasema. "Umeuvuta moshi wangu miaka yote hii."

Akamweleza kila kitu akiwa bado ameukabili ukuta. Juilan alikaa kwenye kigoda. Alilia, lakini kilichomchoma zaidi usiku ule ni kwamba wote walijua kabla yake. Kulipokucha akampigia Peichun simu, akamwambia kuanzia sasa ataingia kwa daktari yeye wa kwanza, na wao watamfuata nyuma.

Daktari Kuo wa kitengo cha saratani alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, anayechora anachokieleza. Alichora chembe ya saratani, na ndani yake swichi iliyokwama ikiwa imewashwa, kwa hiyo chembe inazaana bila kukoma. Kipimo kilionyesha saratani ya Juilan ina kasoro hiyo, na kipo kidonge cha kuizima. Wensheng akauliza habari ya moshi wake. Daktari akajibu kwamba hawezi kuapa haukuchangia kitu, lakini saratani ya aina hii huwapata sana wanawake wasiovuta, hata kwenye nyumba zisizo na mvutaji.

Kisha akaweka mbele yao njia mbili. Kidonge peke yake kila siku, au kidonge pamoja na dripu za kemo, dawa kali za kuua chembe za saratani, kila baada ya wiki tatu. Njia ya pili ni nzito zaidi mwilini, ila kwa wengi huuzuia ugonjwa kwa muda mrefu zaidi, na Juilan tayari anao ubongoni.

Wensheng alikataa papo hapo. Mama yake alikuwa amekufa kwenye dripu za zamani, akitapika mpaka nyongo, na hakutaka kuyaona mambo hayo tena.

"Mwili ukikataa," Juilan akamuuliza daktari, "naweza kuacha dripu nikabaki na kidonge?"

"Unaweza."

"Basi niwekee zote mbili. Huyu mzee atazoea."

Dripu ya kwanza ilimwacha na kichefuchefu tu. Kidonge kilimletea vipele usoni, na ngozi ya kando ya kucha ikapasuka. Baada ya dripu ya pili mdomo ukajaa vidonda, kisha homa ikampanda, na Wensheng akamkimbiza hospitali. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka mno. Kitandani, akiwa na sindano za antibiotiki mkononi, Juilan alisema yametosha. Peichun alijaribu kumbembeleza, akaishia kulia.

Daktari Kuo hakubishana naye. Alisema dozi inaweza kupunguzwa na raundi ijayo kusogezwa mbele, kisha akawaonyesha picha mpya za ubongo. Kati ya madoa matatu ya mwanzo, mawili hayakuonekana tena, na la tatu lilibaki kama punje ya ufuta. Wensheng alivaa miwani, akaomba arudishiwe picha ya zamani, kisha mpya, kisha ya zamani tena.

"Malizia," akamwambia mkewe. "Mimi nilikosea. Malizia, nitakushika."

Akamalizia raundi nne. Kati ya dawa mbili za kwenye dripu, ile kali zaidi ikaondolewa, akabaki na ile nyepesi na kidonge chake. Hakuna aliyemwambia amepona, naye haulizi. Huu ni msimu wa pili wa figili tangu alipoanguka, na pafu lake limetulia. Kibanda anakifungua asubuhi tu, na Wensheng ndiye anayemimina uji wa mchele wa kutengenezea tambi kwenye trei, safu moja nene, nyingine nyembamba, na wateja wanamtania hadharani.

Majuzi kwenye chumba cha dripu Juilan alikaa karibu na mwanamke mgeni, dereva wa lori, aliyetakiwa kuchagua kati ya njia zilezile mbili. Mwanamke huyo akamuuliza Juilan kama dripu inauma.

"Inauma," Juilan akasema. "Kuna siku utawachukia wote nyumbani. Nunua kipimajoto, na homa ikipanda usingoje kesho. Haya, mchana umekula nini?"

Mwanamke akasema hajala kitu. Juilan akafungua kopo lake la tambi, akamsogezea na vijiti vya kulia.