Ndimu kwenye Bampa

Anuari hajawahi kuugua ugonjwa wa unyenyekevu. Gereji yake ipo Gerezani, nyuma ya maduka ya vipuri, na ukimpelekea gari linalokohoa utasikia kwanza sifa zake, ndipo atafungua boneti. Alikuja mjini kutoka Lindi akiwa kijana, akajifunza injini kwa kuziharibu kwanza, lakini mwenye haki apewe haki yake: ni fundi kweli.

Msimu ule Subaru ya buluu aliyoiunda iliwatesa wenzake. Dereva wake alikuwa Manan, kijana wa duka la beringi la jirani. Alishinda Tanga, akashinda Arusha, akashinda Morogoro, wapinzani wakila vumbi lake tu. Zikabaki mbio za Bagamoyo, na ubingwa wa taifa ungekuwa wao. Anuari alitamani kitu kimoja: amsikie mtu, hata mmoja, akisema gari linashinda kwa mikono yake. Hakuna aliyesema. Kuanzia Gerezani hadi Kariakoo watu walisifia ndimu.

Ndimu zenyewe zilikuwa za Shobhana, mama yake Manan. Kabla ya kila mbio alitunga kwenye uzi ndimu moja na pilipili mbichi saba, akazining'iniza kwenye bampa la mbele kulikinga gari na jicho la husuda, kama wazee wake walivyofanya kwenye milango ya maduka yao. Wapinzani waliapa kwamba hiyo ni ndumba, wakawa wanapiga picha bampa badala ya injini. Mmoja wao alikwenda sokoni, akapamba gari lake kwa ndimu mbele na nyuma, na akaishia mtaroni kwenye kona ya kwanza.

Jambo hilo lilimuuma Anuari mpaka chakula kikawa hakipiti.

Siku ya Bagamoyo, hata hivyo, kilipita. Asubuhi aliletewa ugali na changu wa kukaanga. Samaki alikuwa mnono lakini amepooza, hana ndimu, hana pilipili. Anuari akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatazama bampa. Alijiambia hilo ni jaribio la kitaalamu: gari likishinda bila kinga, dunia itajua bingwa ni nani. Akakata, akakamua, akatafuna, akalamba vidole.

Gari likaondoka, na ujasiri wake ukaondoka nalo. Lilipopotelea kwenye minazi jasho lilimtoka, wala si la pilipili. Je, Manan akipinduka? Alimpenda sana yule kijana. Alisoma kila dua aliyofundishwa madrasa, na zilipomwishia akatunga nyingine. Subaru ilipotokea, wa pili hata haonekani, Anuari alilia bila aibu.

Waliporudi na kombe, Gerezani ilikuwa imefurika mafundi na wachukuzi. Anuari akapanda juu ya tairi kuukuu, tayari kujitangaza. Shobhana akamwahi. Alikuwa ameinama mbele ya gari, na alipoinuka uso ulimng'aa. Akawaeleza watu kwamba ndimu na pilipili zikidondoka zenyewe, maana yake zimebeba husuda yote iliyotumwa. Leo zimefanya kazi kuliko siku zote. Watu wakazipigia makofi.

Anuari akashindwa kuvumilia.

"Mama Manan, hazikudondoka. Nilizila na samaki. Gari limeshinda kwa injini."

Shobhana akamtazama tumboni, kisha usoni.

"Umezila zote?"

"Zote, mama."

"Basi kinga yote imo ndani yako, mwanangu. Ndiyo maana leo limewaacha mbali hivyo."

Makofi yakarudi maradufu, na safari hii yalikuwa yake.

Siku hizi madereva wanamjia mpaka kutoka Moshi. Hawamwambii afungue boneti; wanamwomba akae kidogo kwenye bampa. Anawafokea, anawaeleza habari za pistoni na turbo mpaka povu linamtoka. Kisha anakaa.