Risasi Moja ya Luvungi

Papa Télesphore alikuwa mtu wa kupima. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa kufuli huko Panzi, mtaa wa Bukavu, na ufunguo aliupima mara tatu kabla ya kuukata. Alipima hata chumvi ya mboga ya sombe nyumbani, mpaka mkewe, maman Consolate, akasema kwamba siku ya hukumu atamwomba Mungu amwonyeshe mizani kwanza. Kwa hiyo wiki ile alipoacha kupima chochote, akawa anakaa tu dukani na tupa mkononi, mkewe alijua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa kiboko. Huko Luvungi, mbali na Bukavu, anakolima mdogo wake Ezéchiel, dume moja la mtoni lilikuwa limeua mtu wa pili mwaka ule, mama aliyekwenda kuchota maji. Ofisi ya wanyamapori ikatoa karatasi: auawe huyo mmoja tu, na mpigaji awe Télesphore, maana ujanani kwao Mwenga alikuwa mwindaji mwenye kibali, na hadi leo ni mwanachama wa chama cha wawindaji. Wengine wangefurahi. Yeye aliogopa, na hakuona haya kuogopa, kwa sababu mto Ruzizi pale ndio mpaka. Ng'ambo ni Burundi, na mashamba yanashuka hadi majini, watu wamejaa humo kutwa nzima. Risasi itakayomkosa kiboko haitasimama kuomba visa.

Chama kilikuwa na bunduki mbili za kumwazima. Xavier, katibu wa chama, alizilaza mezani kama mtu anayeuza vitenge. Ya kwanza ilikuwa magnum mpya, ile wanayoiita trois cents, yaani mia tatu, yenye lunette juu: ukiweka jicho, kitu cha mita mia tatu kinasogea mpaka mlangoni. Risasi yake nyembamba, ina mbio. Ya pili ilikuwa Mauser kuukuu ya kalibre neuf trois, yaani tisa nukta tatu, kitako kimefungwa waya. Risasi yake nene kama kidole, nzito, haina mbio nyingi, na ya kulengea ni kile kichuma kidogo tu kilichosimama kwenye ncha ya mtutu.

"Papa, hapa hakuna ya kujiuliza," Xavier alisema. "Macho yako iko na miaka soixante-trois. Kamata ya lunette, upige toka mbali. Kiboko haitajua hata nani amepiga."

Miaka sitini na mitatu: neno lilikuwa la kweli, na la kweli huuma. Siku hizi kichuma kile alikiona viwili.

Akaamua kuzijaribu, moja moja, maana risasi zilikuwa chache. Lakini Bukavu huwezi kujaribu bunduki kama unavyojaribu viatu. Mji huu umesikia milio ya kutosha. Ukilia mmoja tu, maduka yanafungwa na mama anahesabu watoto. Télesphore akazunguka siku mbili kupiga hodi: kwa chef d'avenue anayeongoza mtaa, kwa askari wa kituo, shuleni, parokiani, ambako padri alitangaza baada ya misa. Kila mahali alisema maneno yale yale: Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye machimbo ya mawe kule juu, milio miwili, msikimbie. Wa mwisho kuambiwa alikuwa mkewe.

"Nimesikia, papa," Consolate alijibu, akiendelea kupepeta mchele.

Jumamosi akaanza na magnum. Mita mia mbili, ubao umeegemezwa kwenye ukuta wa udongo. Ndani ya lunette ubao ulikuwa mkubwa, hata misumari aliiona. Akafyatua. Risasi ikapita katikati ya ubao na kuzama ukutani, vumbi likaruka.

"Umeona?" Xavier alisema. "Kazi imeisha."

"Nimeona ukuta," Télesphore alisema. "Luvungi hakuna ukuta. Iko maji. Ukipiga maji toka mbali, risasi inaruka, inaendelea na safari. Kule inaenda, iko nani?"

Mzee akachukua Mauser, akapanda juu ya jiwe kubwa, hatua thelathini tu kutoka kwenye ubao mwingine uliolazwa chini, akalenga kwa kuinama. Bega lilipigwa teke la punda. Risasi ilikwenda pembeni kidogo, vidole viwili, lakini ilichimba ardhi pale pale na kukaa.

Walipokuwa wakishuka ndipo walipowaona watu. Hao walitoka kilima cha pili, ambako hakuna aliyepiga hodi: magodoro kichwani, watoto mgongoni, mbio. Télesphore alikimbia kuwazuia, akipunga mikono na kupaza sauti kwamba ni yeye, ni jaribio, warudi. Na katikati yao, kiatu mguu mmoja, akahema mbele yake maman Consolate na mfuko wake, ule wa karatasi za nyumba, blanketi na unga, ambao hukaa nyuma ya mlango mwaka mzima umefungwa tayari. Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Maman, si nilikuambia?"

"Uliniambia." Aliketi juu ya mfuko. "Nilijua ni weye. Miguu ndiyo haikujua."

Télesphore aliketi kando yake mpaka wote walipokwisha kurudi makwao. Aibu ilimjaa. Aliwaza wale wa ng'ambo ya Ruzizi, ambao hawakuambiwa hata na padri.

Nyumbani, Consolate alipokuwa akifungua mfuko ili kurudisha vitu mahali pake, yeye alimpigia mdogo wake simu.

"Ezéchiel, nakuja na ile ya zamani. Nitapanda juu ya ukingo, nimusubiri kiboko pale chini yangu, mita trente, thelathini tu."

"Trente? Kaka, ukikosa, itakupandia."

"Itanipandia miye. Si mutoto wa mutu kule ng'ambo. Sasa sikia: kesho vuka na mutumbwi. Batu bote ba kule, shamba kwa shamba, ubaambie siku, ubaambie saa. Utalia mulio moja. Bakae, basikimbie."

"Na kama ikilia ya pili?"

Télesphore alitazama kichuma cha Mauser, kile alichokiona viwili.

"Ikilia ya pili, bakimbie," alisema.

Mikono ya Consolate ilisimama ndani ya mfuko.

"Na miye huku Bukavu," aliuliza, "nitasikia ngapi?"

"Toka huku? Hutasikia hata moja, maman."

Consolate akarudisha blanketi ndani, akafunga mfuko tena, akauweka nyuma ya mlango.