Kanisa la Nne Ambalo Aling Puring Haingii

"Mtoto wa siku tisa anaomba nini? Anaomba ziwa la mama, basi," anasema Luz, akiigonga karatasi kwa kidole.

"Na akapewa," anajibu Mang Isko bila kuinua macho kutoka kwenye mashada yake ya yasmini. "Alinyonya, akanyamaza. Ombi limeishia hapo."

"Wewe mzee, haya umesomea wapi?"

"Hapa hapa. Miaka thelathini nauza maua kwenye ngazi hizi. Wewe umekuja saa ngapi?"

Ni saa nne na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi, wiki mbili kabla ya Pasaka, mbele ya Kanisa la Santa Rufina jijini Manila. Jua limeshakuwa kali. Anayebishaniwa, Purificacion Magsino, ambaye wote humwita Aling Puring kwa heshima, mwenye miaka sitini kasoro miezi miwili, amekaa ngazi ya chini kabisa, mwavuli mwekundu mapajani, akimenya yai la kuchemsha. Watu kumi na mmoja aliowaleta kwa miguu wako ndani wanasali. Yeye, kama siku zote, yuko nje.

"Endeleeni tu," anawaambia. "Mkimaliza mtaniambia nilikuwa nataka nini."

Kazi ya Aling Puring ni kutembeza watu. Siku za kawaida huwachukua wageni kutoka kanisa la chuma la San Sebastian, akawapitisha Quiapo na chemchemi ya Carriedo, akawavusha Binondo na daraja la mto, hadi ndani ya kuta za mji mkongwe. Wakati wa Kwaresima njia ni ile ile, ila wateja ni wenyeji wanaotimiza nadhiri ya kuzuru makanisa saba. Ni kilomita sita. Kila mtu hulipa peso mia tatu na hamsini. Luz, mdogo wake, hufuata nyuma akibeba maji na kuhesabu vichwa.

"Kutembea si kazi," anasema. "Kazi ni kuvuka barabara. Una watu kumi na mmoja, jipni za abiria zinakuja kutoka pande zote, na mmoja wenu amesimama katikati anapiga picha nyaya za umeme."

Majina ya barabara hayatumii. Anasema yamebadilishwa mara nyingi mno tangu azaliwe, na hana muda wa kujifunza upya kila serikali inapoingia. Humwelekeza mtu kwa vitu vinavyoonekana: mnara wa kengele wenye pembe nane, duka la keki za hopia, benki iliyoungua. Viatu vyake ni vya kiume, namba arobaini na moja, kwa sababu vya kike ni vyembamba. Hubadilisha jozi tatu kwa mwaka.

Santa Rufina ni kanisa la nne katika safari yake. Ni dogo, na limebanwa na soko upande mmoja na mfereji mkubwa nyuma. Mlango wake wa pembeni hutokea kwenye kidaraja cha miguu, na ng'ambo ya kidaraja ni hospitali ya uzazi. Asiyetaka kupita ndani ya kanisa huzunguka soko zima. Aling Puring amezunguka soko hilo miaka ishirini na miwili.

Sababu yake kila mtu hapa anaijua. Ukiingia kanisa kwa mara ya kwanza maishani mwako, unaomba jambo moja, na jambo hilo husikilizwa. Mapadri hawalifundishi wala hawalikatazi. Mtu aliyekulia kati ya makanisa haya humaliza maombi yake mapema, naye alimaliza yake akiwa kijana, mengine kwa mambo ya kipuuzi.

"La Binondo niliombea nywele ziwe za mawimbi," anasema. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mnaona zilivyo."

Alipoanza kazi hii akakuta kwamba katika njia yake yote limebaki kanisa moja tu ambalo hajawahi kuingia. Akaamua kuliweka akiba.

Akiba hiyo imeombwa na ukoo mzima. Mpwa wake aliitaka kwa ajili ya mtihani wa unesi. Luz mwenyewe aliitaka mwaka ule mafuriko yalipofika dirishani. Wote waliambiwa bado. Mumewe, Crispulo, fundi seremala, alipougua figo, alikuwa wa kwanza kukataa. "Usiingie kwa ajili yangu," alimwambia. "Mimi kazi yangu nimeifanya. Mwekee Marivic."

Crispulo aliishi miezi minne. Siku aliyofariki mumewe, Aling Puring alikuwa Binondo na watu tisa. Alisoma ujumbe kwenye simu, akairudisha mfukoni, akamaliza makanisa mawili yaliyobaki.

"Watu walikuwa wamefunga safari," anasema. Anakula kipande cha yai kabla ya kuendelea. "Na kufa alikuwa ameshakufa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia."

Marivic ni binti yake wa pekee. Ana miaka thelathini na minne na mimba mbili zimeshamtoka. Ya tatu imefika mwezi wa nane, presha haishuki, na tangu Jumatano amelazwa katika hospitali ile ng'ambo ya mfereji. Madaktari walipanga kumpasua Jumanne. Aling Puring naye akapanga kwamba Jumatatu jioni ataoga, atavaa gauni lake la Krismasi, na ataingia Santa Rufina kwa mara ya kwanza.

Ndipo ikaja karatasi.

Alikuwa anatafuta kadi ya wazee, ambayo hupunguza bei ya dawa kwa asilimia ishirini. Cheti chake cha kuzaliwa kina mwaka usio sahihi, akaambiwa alete cha ubatizo. Nyumbani walikuwa wakisema siku zote kwamba alibatizwa parokia ya Tondo. Tondo hawakumwona katika vitabu vyao. Karani wa huko akauliza parokia za jirani, na leo asubuhi Luz amekabidhiwa cheti kwenye dirisha la ofisi ya Santa Rufina linalotazama barabara. Kinasema Purificacion, binti Magsino, umri siku tisa, alibatizwa ndani ya Kanisa la Santa Rufina.

"Nilimwuliza karani kama hiyo inahesabika kuwa ni kuingia," anasema Luz.

"Akasemaje?" anauliza Mang Isko.

"Akasema yeye anatoa vyeti, hana daftari la maombi."

"Mwerevu huyo."

"Dada, mimi nakwambia hukuingia. Ulibebwa. Aliyeingia ni mama."

"Kwa hiyo na mimi nikibebwa kwenda baa sijaenda baa?" anasema Mang Isko. "Ngoja nimwambie mke wangu."

"Mke wako alishakata tamaa na wewe zamani."

Aling Puring anakusanya maganda ya yai kwenye mfuko wa plastiki. Halafu anasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuonya watu kuhusu mashimo ya barabarani:

"Miaka ishirini na miwili nimekaa hapa nikilinda sanduku. Kumbe huenda halina kitu."

"Huenda kimo," anasema Luz.

"Huenda. Crispulo alikufa kwa huenda."

Simu ya Aling Puring inaita ndani ya mfuko wa Luz na kukatika, kisha ujumbe unaingia. Ni Dindo, mume wa Marivic. Aling Puring hana miwani, kwa hiyo Luz anausoma kwa sauti.

"'Mama, presha imepanda sana. Hawasubiri Jumanne. Wanamwingiza chumba cha upasuaji saa tano na robo. Anakuulizia.'"

"Saa hizi ni saa ngapi?" anauliza Aling Puring.

"Saa tano kasoro dakika tano. Dada, ingia sasa hivi ukapige magoti."

"Aombe kwa ombi lipi?" anasema Mang Isko, safari hii taratibu. "Mimi sipendi kusema hivyo, lakini karatasi hiyo hapo."

"Kwa kuzunguka soko, Jumamosi, ni nusu saa," anasema Aling Puring. Hazungumzi nao. Anapiga hesabu ya njia, kama anavyofanya kila siku.

Watu kumi na mmoja wameanza kutoka, mmoja mmoja, wakifinya macho kwa mwanga. Anasimama, anakung'uta gauni, anangoja hadi wa mwisho ashuke ngazi.

"Sikilizeni," anawaambia. "Yamebaki matatu. Huyu ni mdogo wangu, njia anaijua kuliko mnavyodhani. Mwavuli ukiwa juu mnafuata, ukishuka mnasimama. Pale darajani msitembee wawili wawili."

Anampa Luz mwavuli. Hajawahi kumpa mtu mwavuli huo katikati ya safari.

"Na wewe, Aling Puring?" anauliza mama mmoja mwenye kofia ya majani.

"Mimi nina binti hospitalini."

"Dada," Luz anamshika mkono. "Ukifika mbele ya altare utaomba au huombi? Niambie nijue."

"Kuna mlango upande wa kulia, baada ya nguzo ya tatu," anasema Aling Puring. "Unatokea kidarajani. Dakika tano. Nimewaelekeza watu mlango huo tangu Marivic akiwa shule, na sijawahi kuugusa."

Anapanda ngazi sita. Mlangoni anachovya kidole kwenye maji ya baraka na kuchora ishara ya msalaba huku anatembea. Ndani kuna kiza na feni zinazunguka. Viatu namba arobaini na moja vinasikika juu ya mawe, kwa mwendo ule ule wa barabarani, nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mlango wa pembeni unafunguka, mwanga unaingia kama shuka, na unafungwa.

"Hakusimama hata kidogo," anasema Mang Isko.

Luz ameshainua mwavuli.