Siku Niliyoflash Simu ya Mama Mkwe Mbele ya Kanisa

Kuna watu hapa Kitale wakipita kwa kibanda changu mpaka leo wananiuliza, "Fundi, imefika wapi?" halafu wanaenda zao wakicheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, mtu akishaaibika mbele ya kwaya tatu na pasta akiwa amesimama hana mahali pa kujificha. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa Simiyu, kwa maana Simiyu akianza kusimulia hiki kisa huongeza chumvi, na chumvi iko ya kutosha.

Mimi ni fundi wa simu, na kazi naijua (msianze kucheka sasa). Simu ikikwama kwa logo, ile hali ya kuwaka na kuzima na kuwaka tena bila kufunguka, naichomeka kwa laptop, naiwekea upya ile programu iliyotoka nayo kiwandani, na mwenyewe anaenda nayo nyumbani ikiwa nzima. Hiyo ndiyo tunaita kuflash, na ndiyo inanilisha.

Sasa, wakati huo nilikuwa nimempata Nafula, mwalimu wa nasari hapa Kitale lakini kwao ni Tongaren, na mambo yetu yalikuwa yamefika mahali ambapo wazee wangu walikuwa wanangoja tu waambiwe njooni. Baba yake alikuwa ameshakubali kitambo. Shida ilikuwa mama. Mama hakuwa amesema ndio na hakuwa amesema hapana, kila akiulizwa anasema "tutaona", na bila yeye hakuna mzee wangu angevaa koti kwenda popote. Na kwetu mama mkwe humsogelei ovyo. Humpi mkono, humwangalii machoni, hamketi pamoja, ukiwa na neno unatuma mtu apeleke na yeye akiwa na neno anatuma mtu alete, mkikutana njiani mmoja anapinda kando. (Kuna wenye husema hayo ni mambo ya zamani, lakini hao hawajakutana na mama Nafula.) Kwa hivyo huyo mama aliyeshika maisha yangu mkononi, mimi sikuwa nimewahi kumwambia hata habari ya asubuhi.

Jumapili hiyo kanisa lao lilikuwa na wageni, kwaya moja kutoka Kachibora na ingine kutoka Moi's Bridge, na mama Nafula ndiye mwalimu wa kwaya ya nyumbani. Nafula akaniambia, "Ukuje, na ukuje na laptop, wanataka maneno ya nyimbo yaonekane kwa ukuta." Nikaona hii ndiyo nafasi ya mama kuniona nikifanya kazi ya maana. Nikavaa koti. Wakaniweka kwa meza ndogo kando, karibu na soketi, laptop ikaunganishwa na projekta na pia na zile spika kubwa za kanisa. Soketi ilikuwa lazima kwa sababu betri ya laptop yangu ilikufa kitambo, ukichomoa waya inazima. Tena nilikuwa nimeisafisha yote wiki hiyo na kuiwekea Windows mpya, nikajisifu kwamba sasa inakimbia.

Kabla ibada ianze Simiyu akakuja. Simiyu ni kaka ya Nafula, mtu mzuri sana, lakini ana haraka ya kila kitu.

"Shemeji, simu ya mama imekwama kwa logo tangu asubuhi. Anauliza kama inaweza pona."

Jibu la mtu mwenye akili lilikuwa fupi: nitaenda nayo Kitale, nitairudisha. Hilo tu. Lakini nikaangalia mlangoni nikaona mama amesimama na gauni la kwaya, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, na huo mgongo unasikiliza. Basi nikasema kwa sauti ya kutosha kufika huko, "Hiyo ni kitu kidogo bana. Kabla mahubiri yaishe itakuwa imeamka."

Halafu nikamwambia Simiyu polepole, "Lakini kwanza muulize kama kuna kitu ndani anataka kibaki, kwa sababu kuflash kunaweza futa kila kitu." Simiyu akaenda. Nikamwona anaongea, nikamwona mama anaitikia kwa kichwa, Simiyu akarudi mbio. "Amesema uendelee." Nikaendelea.

Nikachomeka simu. Laptop haikuiona. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nilipoisafisha nilifuta na draiva zote, na bila draiva laptop inajua tu kwamba kuna kitu kimechomekwa, haijui kama ni simu au ni pasi. Lakini kujua kwamba kuna kitu, hiyo ilijua vizuri, na kila mara simu ikijizima na kujiwasha laptop ilitangaza ting-tong, kupitia spika za kanisa, wakati pasta alikuwa ameanza maombi ya kufungua.

"Baba wa mbinguni, tunakuja mbele zako," ting-tong, "tukiwa na moyo wa shukrani," tong-ting, na watu macho yamefungwa lakini mikono inatafuta mifukoni, kila mtu anafikiri ni yake. Pasta akasema, "Na huyo ambaye simu yake inalia, Bwana amsaidie aizime." Kanisa likasema amina. Na mimi nikasema amina, tena kwa nguvu.

Nikanyamazisha sauti, nikaanza kuweka draiva polepole, kwa sababu draiva za simu hizi nabeba kwa flash disk. Laptop ikakataa, ikasema hiyo draiva haijathibitishwa, nikitaka kuilazimisha lazima iwashwe upya kwa njia fulani. Watu walikuwa wanaimba, wako katikati ya ubeti wa pili, nikajiambia itazima kidogo tu hawatajua. Nikabonyeza. Maneno yakapotea kwa ukuta. Kanisa zima likaimba "mmm mmm mmm" mpaka mwisho wa ubeti, wengine wakinigeukia, na kwa ukuta kakitu kanazunguka, kanazunguka, halafu laptop ikawaka, sauti imerudi juu kabisa, na ukuta wote ukajaa ile picha ninayoweka mbele ya laptop yangu, mimi na Nafula hapa Kitale tukila chipsi. Ni picha ya kawaida tu. Lakini namlisha. Kidole changu kiko karibu kuingia mdomoni mwake, na kwa huo ukuta kilikuwa kikubwa kama mkono wa mtu.

Nafula akainama akajifanya anatafuta kitu chini ya benchi. Mama hakuinama. Mama aliangalia hiyo picha yote, pole pole, kutoka kona hii mpaka kona ile.

Kwa kiwewe nikabonyeza kitufe cha kutenganisha laptop na ukuta, na nikabonyeza vibaya, kioo cha laptop kikazima na kila kitu kikabaki kwa ukuta pekee. Nikajaribu kurudisha, wapi. Kwa hivyo kuanzia hapo, ili nione ninachofanya, ilibidi niangalie ukutani pamoja na waumini wote, kila kidirisha, kila alama ya njano ya draiva iliyokataa, na ule mshale wangu ukitafuta mahali pa kubonyeza kama mtu amepoteza funguo gizani. Pasta naye (Mungu ambariki) akaamua kuhubiri tu.

Draiva ikashika. Laptop ikaiona simu. Nikaanza kuflash, na ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ukaanza kutembea kwa ukuta juu ya kichwa cha pasta, na mimi nawaambia ukweli, hakuna mtu alikuwa anasikia mahubiri. Ukafika karibu nusu, ukasimama, kukatoka maandishi mekundu. Kanisa likasema "aaah". Mama mmoja wa Moi's Bridge aliyekuwa nyuma yangu akaniinamia akasema, "Si ujaribu ingine, kijana, usikufe moyo."

Ingine ilikuwako. Kuna njia mbili za kuflash, moja inaweka programu na kujaribu kuacha vitu vyako, na ingine inafuta kila kitu mpaka chini kabisa kisha inaandika upya. Hiyo ya pili kwa kibanda huwa naiogopa, siigusi mpaka nimehakikisha mara mbili. Lakini watu wote wananiangalia, mwenye simu amesema niendelee, na ile "kitu kidogo bana" bado inanilia masikioni. Nikachagua hiyo.

Mstari ukatembea. Watu wakaanza kuinua shingo. Pasta akaona hakuna anayemwangalia, akanyamaza, akageuka, na yeye akasimama kuangalia. "Sasa hii imefika wapi?" akaniuliza kwa maiki.

"Iko karibu, pasta."

Ukaisha. Ile alama ya kijani ya kuonyesha kazi imekamilika ikatokea kwa ukuta na kanisa likapiga makofi, nawaapia, kuna mtu wa Kachibora alipiga kayamba na kuna mama alipiga kigelegele, na simu mkononi mwangu ikawaka ikaandika karibu, chagua lugha. Nikaiinua juu. Sijawahi kujisikia hivyo tangu nizaliwe. Nikamwona Nafula anatabasamu, nikaanza kuwaona wazee wangu ndani ya makoti yao.

Simiyu akapeleka simu. Kwaya ya nyumbani ikaitwa, ikapanga mistari mbele, mama akashika simu, akabonyeza, akabonyeza tena, akamwita Simiyu. Simiyu akakuja kwangu na uso mwingine.

"Shemeji, mama anauliza biti za kwaya ziko wapi."

"Biti gani?"

"Zile za kuimbia. Walirekodi kinanda studio Bungoma, ziko kwa hiyo simu. Wamefanyia mazoezi hizo tangu mwaka uanze."

"Huyo mtu wa studio apigiwe basi."

"Namba yake iko kwa hiyo simu."

"Simiyu, si nilikutuma umuulize kama kuna kitu ndani?"

"Nilimuuliza."

"Ulimuuliza aje?"

"Nilimuuliza kama uendelee."

Nikanyang'anya ile simu angalau niitafute, na hapo ndipo nikaona hata alama ya network haiko. Ile njia ya pili ilikuwa imefuta pia namba ya utambulisho, ile kila simu inazaliwa nayo, na simu bila hiyo namba ni redio isiyo na stesheni. Hilo sikumwambia Simiyu. Nikamrudishia nikaketi.

Kwaya imesimama, wageni wanangoja, na mama akawageukia watu wake akainua mkono na kuanzisha wimbo kwa mdomo. Sitawadanganya kwamba ilikuwa nzuri kuliko biti. Wanaume wa sauti ya chini walikuwa wamezoea kungoja kinanda, wakaingia mapema, wakaacha, wakaingia tena wakiwa wamechelewa, watu wakacheka, mama mwenyewe akasimamisha, wakaanza upya. Safari hiyo Kachibora wakawasaidia na kayamba, miguu ikashika, wimbo ukaenda. Lakini nilimwona mama usoni. Alikuwa amezitaka hizo biti sana, na mimi niliona aibu ya kweli, si ile ya chipsi.

Ibada ikaisha, watu wakaenda kula, mimi nikabaki nikikunja waya polepole sana, waya moja nikaikunja na kuikunjua. Nikasikia viatu. Nikainua macho, mama Nafula anakuja moja kwa moja kwangu, hana Simiyu, hana mtu. Nikatafuta mahali pa kupinda, nyuma ni ukuta, mbele ni meza.

"Kijana, mimi ni bubu?"

"Hapana, mama," nikaambia ile meza.

"Basi mbona unauliza Simiyu kitu iko ndani ya simu yangu?"

"Nilikuwa naweka heshima, mama."

"Heshima ni mzuri. Lakini hii yako imekula nyimbo zangu." Akaiweka simu juu ya meza. "Kuna kitu ingine natakikana kujua juu ya hii simu? Sema wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Ningeweza kusema hakuna. Ningechukua simu, ningeondoka nayo Kitale, hakuna angejua. Nikamwangalia machoni, mara ya kwanza, nikasema, "Mama, hata laini haishiki. Nimefuta pia."

Mama akaketi kwa benchi akacheka, akacheka akishika mbavu, akaita kwaya yake wakuje wasikie ati hata laini, na alipomaliza akafuta macho na kitambaa.

"Ambia wazee wako wakuje mwezi ujao," akasema. "Mimi siwezi kuacha mtu ameniharibia simu hivi akimbie Kitale tukiwa hatujui kwao."

Wazee walienda, na makoti. Simu niliirudishia namba yake ileile iliyoandikwa kwa katoni, biti tukazipata kwa yule wa studio tulipomfuata Bungoma, na mama siku hizi hunipigia mwenyewe hata kama ni kuuliza mvua imenyesha upande wetu. Lakini kiapo nilikula, na sijakivunja. Ukiniletea simu kwa kibanda na si yako, siigusi. Utaenda umlete mwenyewe asimame hapa mbele yangu aniambie kwa mdomo wake kilichoko ndani, hata akiwa ni mama mkwe wako.