Maneno ya Kufungua Mlima

Foleni ya sukari kwenye duka la ushirika pale Bigwa ilikuwa haisogei, basi mwalimu mmoja wa kike akawa anatusomea hadithi kwa sauti. Binti mchawi ametumwa kuutafuta moto uliofichwa ndani ya mlima. Amefika, mwamba umefungwa, anavuta pumzi atamke maneno ya kuupasua.

Bibi mmoja aliyeshuka kutoka mlimani na kikapu cha kabichi akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Hapo usisome, mwanangu."

"Bibi, hii ni hadithi ya kubuni tu."

"Huyo aliyebuni, maneno aliyatoa wapi?" Akautazama mlima wetu wa Uluguru, umelowa mvua za wiki nzima, udongo umeanza kumeguka. "Wajukuu zangu wako kule juu."

Balozi wetu wa nyumba kumi akakasirika. "Ndugu wananchi, ushirikina unaturudisha nyuma! Lete, nasoma mimi."

Akakipokea kitabu, akakohoa, akautupia mlima jicho. Kisha akafumba mdomo, macho yakateremka ukurasa mzima kimya.

"Nimeshasoma," akasema. "Mwalimu, endelea ukurasa unaofuata."

Hakuna aliyecheka. Kule juu mlimani ukasikika mngurumo, mrefu, mzito.

"Radi hiyo," balozi akasema upesi.

Bibi alikwishaacha kikapu na nafasi yake kwenye foleni, anaukimbilia mlima, kanga mkononi.

Tangu siku ile najiuliza kama kusoma kimoyomoyo nako ni kutamka. Nauliza kwa sababu nilisimama nyuma ya bega la balozi, na mimi kusoma najua.