Picha Zilizopotea Njiani

Habari ya kifo chake niliipata kwa mtu ambaye sikutaka hata kusikia sauti yake. "Dada wa Hewa Bora ametuacha," aliniambia bosi wake wa zamani kwenye simu, kisha akaongeza upesi: "Ukimuandika mu gazeti, andika kama tulishasameheana." Wasomaji wangu, hawakusameheana. Nalisema mapema, kabla hajapewa kipaza sauti msibani.

Marehemu, jirani yangu hapa mtaa wa Hewa Bora, alikuwa fundi wa mitandao na mwanamke wa kucheka kwa sauti. Kampuni alikofanya kazi chini ya bosi huyo iliunganisha zahanati moja ya Kasomeno na madaktari wa hapa Lubumbashi. Mtandaoni kila kitu husafiri kwa vipande, na kiini cha mfumo wa kompyuta ndicho kinachoweka kikomo cha ukubwa wa kila kipande. Bosi aliandika upya sehemu hiyo ya programu, akaweka kikomo kikubwa kuliko njia ilivyoweza kubeba. Dada alimwonya, hakusikilizwa. Basi ujumbe mfupi ukawa unafika, lakini picha za eksirei, zenye vipande vikubwa, zinapotea njiani, na mashine haitoi onyo lolote. Mama mmoja aliyevunjika mguu alisubiri picha yake isomwe mpaka mfupa ukaunga vibaya. Wakubwa walipouliza, bosi alimnyooshea dada kidole, naye akafukuzwa mbele ya wenzake wote. Alipanda lori hadi Kasomeno kwa hiari yake, wauguzi wakamfungulia mashine, akapunguza kikomo. Picha zikapita siku ileile.

Baadaye bosi akafungua kampuni yake mwenyewe, kwa programu ileile na ugonjwa uleule. Wateja walipoanza kumkimbia, alimpigia dada simu. Nilikuwa nimeketi naye uani, nikisikia yote.

"Mama, tusaidie. Ma fichiers ya bukubwa, mapicha yote, haipite."

"Kosa ya Kasomeno ilikuwa ya nani?"

"Ile ilishapita, mama."

"Ita bantu benye tulitumika nabo kazi. Sema mbele yabo, njo nitakusaidia."

Bosi akakata simu. Kampuni yake haikudumu.

"Hii kasirani haikuchokeshe?" nilimuuliza dada.

"Kunichokesha? Inanilalisha muzuri!"

Najua padri wangu atanikemea. Lakini katika ofisi zetu msamaha hudaiwa sikuzote kwa aliyeumizwa, na aliyeumiza hadaiwi hata sentensi moja. Ndiyo maana kosa linapandishwa cheo na aliyelionyesha anarudi nyumbani. Anayetaka kusamehewa aseme alichofanya, tena aseme wakati aliyemkosea angali anasikia. Bosi huyu alipewa nafasi hiyo, akakata simu. Sasa amechelewa, na kalamu yangu haitamsaidia.