Mtu wa Karibu wa Dobi

Hospitali ilikuwa na dobi aliyefua shuka tangu mashine ya kwanza ya kufulia ilipowekwa. Kusoma hakujua. Alama za wodi alizitia kwa bati lililokatwa herufi: analilaza juu ya kitambaa, anapitisha wino, basi. Bati hilo hilo lilitia alama shuka, mapazia na magauni ya wagonjwa. Wakati fulani lilipotea, wauguzi wakaandika kwa mkono, kila mmoja na mwandiko wake, na mpaka leo nguo hizo hutangatanga wodini kama hazina mwenyewe.

Mumewe, dereva, alihamia kwa mwanamke mwingine. Hakuaga. Alichukua redio na mto wake. Dobi akabaki na uvimbe tumboni, na daktari akasema lazima apasuliwe. Kisu hakikumtisha. Kilichomkosesha raha ni kwamba atakapokuwa amelazwa kwa dawa, wa kuulizwa kipi kikatwe na kipi kiachwe atakuwa yule yule mwenye redio.

Akaenda kwa fundi wa kompyuta, ambaye kwa ajili ya miwani yake walimwita Macho Manne.

"Mtu wangu wa karibu niandikie mdogo wangu."

"Inakataa, mama. Kwenye safu hiyo, mwanamke mwenye ndoa lazima aandikiwe mume."

"Nani kasema?"

"Aliyeitengeneza."

"Huyo hajawahi kuachwa."

Macho Manne alicheka, akaona anacheka peke yake. Akaeleza. Kompyuta ina jedwali la wafanyakazi, la likizo, la wagonjwa, na yote yana safu ya mtu wa karibu. Lakini sharti la safu hiyo liliandikwa mara moja, mahali pamoja, na kila jedwali hulichukua kutoka hapo.

"Nikilibadilisha pale, limebadilika kote. Halafu naingiza jina la mdogo wako."

"Kumbe ni bati," dobi akasema.

Mkuu wa ofisi akaridhia, Macho Manne akabadilisha, dobi akaenda zake moyo mweupe.

Siku ya upasuaji alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu muuguzi alipomwinamia. "Una bahati, dada. Mumeo huyo amefika, anataka kutia sahihi."

Dereva alisimama mlangoni, shati limenyooshwa na mkono wa mwingine.

"Wamenipigia simu, mama watoto. Ningekaaje?"

"Redio umemwachia nani?"

Dobi akashusha miguu, akashika njia.

"Dada! Gauni liko wazi nyuma!"

"Nalifua mimi. Najua lilivyo."

Macho Manne alipomwona mlangoni pa ofisi yake alisimama. Alitafuta, akapekua, masikio yakamwiva. Jedwali la chumba cha upasuaji lilitengenezwa na fundi aliyemtangulia, kwa haraka, na huyo hakuchukua safu ya wote. Aliandika ya kwake, na sharti lake, na ndani yake mume alikuwa amekaa raha mustarehe.

"Nilidhani yote yanachukua kutoka pale, mama."

"Hukuangalia."

"Sikuangalia."

Akaiondoa safu ile, akaweka ya wote, akaingiza jina. "Tayari."

"Hata juzi ilikuwa tayari."

Dobi alitazama kioo kilichojaa maandishi yasiyomwambia kitu. Nyuma yake dereva alikuwa amefika, anahema, ndala za dobi mkononi.

"Wewe umesoma," dobi akamwambia. "Nisomee."

"Mama watoto, watu wanatutazama."

"Soma."

Akasogea, akasoma jina la shemeji yake, taratibu, kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Na wewe uko wapi hapo?"

Dereva alipitisha kidole juu ya kioo, kutoka juu mpaka chini. Macho Manne akajifanya anafuta miwani.

"Sipo."

"Haya. Nipe ndala zangu."

Akazivaa, akarudi kitandani, akawaambia wampigie mdogo wake. Daktari alinung'unika kwamba anacheleweshwa. Walimngoja.